Mbegu za Mboga Zilizotiwa Dawa: Zifaa au Hazifai Katika Bustani ya Nyumbani?

Kila msimu wa kupanda unapokaribia, makatibu wa vyama vya msingi hukabiliwa na swali ambalo huonekana dogo, lakini jibu lake lahitaji uangalifu. Mwanachama hununua pakiti ya mbegu za kabichi au maharage kwa ajili ya bustani iliyo nyuma ya nyumba yake. Akiifungua hukuta mbegu si za rangi aliyoizoea. Ni nyekundu, au buluu, au kijani, na zikishikwa huacha unga vidoleni. Hapo hurudi dukani na kuuliza: je, mboga zitakazoota humo zitakuwa na sumu? Je, watoto waweza kuzila? Na kama ni hatari, kwa nini chama kinaziuza?

Wapo wanaomjibu kwamba asijali, kwa kuwa mbegu za kisasa zote ziko hivyo. Wapo pia wanaomwambia azitupe jaani. Majibu yote mawili ni ya haraka mno, na kila moja laweza kuleta madhara. Makala haya yaeleza dawa hizo ni nini, zafanya kazi gani, hatari yake iko wapi hasa, na mkulima wa bustani ndogo achague vipi.

Mambo Matatu Yasichanganywe

Kwanza yafaa kutenganisha mambo ambayo aghalabu huchanganywa. Mbegu chotara ni mbegu iliyopatikana kwa kuchavusha mimea ya aina mbili tofauti zilizochaguliwa. Uchotara wake umo ndani ya mbegu yenyewe. Mbegu iliyobadilishwa vinasaba ni jambo jingine kabisa, linalofanyika maabara. Mbegu iliyotiwa dawa ni mbegu yoyote, ya kienyeji au chotara, iliyopakwa dawa nje ya ganda lake baada ya kuvunwa na kukaushwa. Kwa hiyo mbegu chotara yaweza kuwa haina dawa hata kidogo, na mbegu ya kienyeji yaweza kuwa imepakwa dawa ghalani na mkulima mwenyewe.

Rangi nayo si dawa. Rangi huongezwa makusudi ili mtu yeyote, hata asiyejua kusoma, atambue kwamba mbegu hizo si chakula. Wala rangi haionyeshi ukali wa dawa. Mbegu ya kijani si salama kuliko nyekundu, kwa sababu kila mtengenezaji huchagua rangi yake. Anayetaka kujua ukali hana budi kusoma maandishi ya pakiti, ambayo hutaja jina la dawa, onyo, na hatua za kuchukua mtu akidhurika.

Dawa Hizo Hufanya Kazi Gani

Dawa zinazopakwa mbegu za mboga ni za makundi mawili. Kundi la kwanza ni la kuua ukungu, na mfano wake unaofahamika zaidi ni thairamu, pamoja na kaptani na metalaksili. Kundi la pili ni la kuua wadudu, kama imidaklopridi, ambayo hutumiwa sana kwenye maharage na mahindi.

Adui mkubwa wa kitalu cha mboga ni ugonjwa wa kinyausi. Ugonjwa huu huletwa na vimelea vya ukungu vinavyoishi udongoni. Pengine huozesha mbegu kabla haijachomoza, na mkulima hudhani kwamba aliuziwa mbegu mbovu. Pengine mche huchomoza vizuri, kisha shina lake hulainika na kunyong'onyea pale linapogusana na udongo, na asubuhi huonekana umelala chini kana kwamba umekatwa kwa uzi. Kinyausi hupenda udongo wenye baridi na maji mengi, miche iliyosongamana, na kitalu kinachotumiwa mahali pale pale mwaka baada ya mwaka. Dawa ya ukungu huizunguka mbegu kama ukuta mwembamba na kuikinga kwa majuma machache ya mwanzo, mpaka shina lipate nguvu.

Dawa ya wadudu hufanya kazi kwa njia nyingine. Imidaklopridi hufyonzwa na mizizi na kupanda pamoja na utomvu mpaka kwenye majani machanga, hivyo inzi wa maharage anayetoboa shina la mche hufa.

Yapo pia mambo ambayo dawa hizi haziwezi kuyafanya. Haziwezi kuihuisha mbegu iliyokufa kwa kukaa sana ghalani. Haziponyi magonjwa ya virusi. Hazimkingi mkulima wa nyanya na bakajani wala kantangaze, maana hao hushambulia wakati ambapo dawa ya mbegu imekwisha nguvu. Mwanachama anayelipa zaidi akitarajia kwamba dawa ya mbegu itamwondolea kazi ya kutunza shamba atavunjika moyo.

Hatari Iko Wapi Hasa

Hesabu ndogo yaweza kuondoa hofu isiyo na msingi, na pia kuamsha tahadhari mahali panapostahili. Tuseme mbegu zimepakwa dawa kwa kipimo cha gramu 3 kwa kila kilo ya mbegu. Pakiti ya nyanya ya gramu 5 itakuwa na miligramu 15 tu za dawa. Gramu moja ya mbegu za nyanya huwa na mbegu takribani 300. Basi pakiti nzima ina mbegu kama 1,500, na kila mbegu imebeba sehemu moja tu ya mia ya miligramu. Mbegu hiyo itakaa kitaluni, itapandikizwa bustanini, na mmea wake utazaa kilo kadhaa za nyanya baada ya miezi miwili au mitatu. Kiasi hicho kidogo kitakuwa kimetawanyika udongoni na kuvunjwavunjwa. Kwa upande huu, hofu ya kwamba nyanya itakuwa na sumu kwa sababu mbegu yake ilipakwa thairamu haina uzito mkubwa.

Lakini tutazame maharage kwa kipimo kile kile. Kilo moja ya maharage ya mbegu imebeba gramu 3 za dawa, yaani karibu kijiko cha chai cha unga. Kilo hiyo ikipandwa, dawa itasambaa katika eneo kubwa la ardhi. Kilo hiyo ikitiwa chunguni, dawa yote itaingia katika matumbo ya watu wa nyumba moja kwa mlo mmoja. Basi hatari kubwa ya mbegu hizi haiko bustanini. Iko jikoni, ghalani na uani kuku wanapodonoa.

Hili si jambo la kubuni. Nchini Uturuki, kati ya mwaka 1955 na 1959, ngano ya mbegu iliyotiwa dawa ya heksaklorobenzini ililiwa na watu wa sehemu za kusini mashariki, na maelfu yao wakapata ugonjwa wa ngozi na ini. Watoto wengi wachanga walionyonya maziwa ya mama zao walikufa. Msiba mkubwa zaidi ulitokea Iraki. Mwaka 1971 nchi hiyo iliagiza ngano na shayiri za mbegu zilizotiwa dawa yenye zebaki. Maonyo ya magunia yaliandikwa kwa Kihispania na Kiingereza, lugha ambazo wakulima wale hawakuzijua. Sehemu nyingine mbegu zilifika wakati watu wamekwisha kupanda. Familia ziliziosha mpaka rangi ikatoka, zikaamini kwamba sumu imetoka pamoja na rangi, zikazisaga na kuoka mikate. Wengine waliwalisha kuku kwanza ili kujaribu, na kwa kuwa kuku hawakufa upesi wakaona ni salama. Zebaki haikuharakisha, ilingoja majuma kadhaa ndipo watu wakaanza kufa ganzi, kupofuka na kushindwa kutembea. Wagonjwa 6,530 walilazwa hospitalini, na 459 kati yao wakafariki.

Dawa za mbegu zenye zebaki na heksaklorobenzini zimekwisha kupigwa marufuku kwa mikataba ya kimataifa, ule wa Stockholm wa mwaka 2001 na ule wa Minamata wa mwaka 2013. Dawa za siku hizi si kali kama zile. Hata hivyo mafunzo ya Iraki hayajapitwa na wakati: rangi hutoka kwa maji lakini dawa hubaki, kuku asiyekufa leo si ushahidi wa usalama, na onyo lisilosomeka ni sawa na kutokuwapo. Kupika nako hakuwezi kutegemewa kuondoa dawa.

Madhara Mengine Yanayostahili Kujulikana

Kuku ni sehemu ya bustani ya nyumbani, na mbegu iliyomwagika huliwa na wao kabla ya mtu yeyote kuiona. Thairamu huwadhuru kuku kwa namna ya pekee. Vifaranga wanaoila hupatwa na ulemavu wa mifupa ya miguu, na kuku wakubwa hutaga mayai yenye ganda laini. Mwenye kuku akiona mambo hayo katika majira ya kupanda, na achunguze ni mbegu gani zilizomwagwa uani.

Thairamu pia haipatani na pombe. Mtu aliyeshika sana mbegu zilizotiwa dawa hii, kisha akanywa pombe, aweza kuiva uso, kuumwa kichwa, kutapika na kuhisi moyo ukienda mbio. Kwa hiyo aliyepanda mbegu hizo asinywe pombe siku hiyo na siku zinazofuata. Wengine hupatwa na upele na muwasho mikononi kwa kuzishika bila kinga.

Dawa za wadudu zinazopanda na utomvu zina kasoro yake. Kwa kuwa huenea katika mmea wote, sehemu yake huweza kufika kwenye chavua na asali ya ua, na hivyo kuwadhuru nyuki. Umoja wa Ulaya ulikataza mwaka 2018 matumizi ya imidaklopridi na wenzake wawili katika mashamba ya nje kwa sababu hiyo. Thairamu nayo haikupewa kibali kipya huko mwaka huo huo. Mwanachama mwenye mizinga karibu na bustani yake ana sababu ya kutosha ya kukwepa mbegu zenye dawa za namna hiyo, hasa za maboga na matango, ambayo hayazai bila wadudu wa kuchavusha.

Mwisho, mkulima anayepaka mbegu za maharage au soya bakteria wa kurutubisha mizizi asichague mbegu zilizotiwa thairamu au kaptani. Dawa hizo huweza kuwaua bakteria hao, na fedha iliyolipwa ikawa imepotea.

Uchaguzi wa Mkulima wa Bustani

Kutokana na hayo yote, jibu la swali la mwanachama hutegemea anapanda nini, wapi na wakati gani.

Mbegu zilizotiwa dawa ya ukungu zina faida ya kweli katika nyanda za juu zenye baridi, kama Lushoto au Njombe, mtu anapopanda wakati wa mvua nyingi na udongo haujapata joto. Zina faida pia kwa mbegu kubwa zinazopandwa moja kwa moja shambani, kama njegere, maana hizo huoza upesi. Zina faida kwa anayenunua mbegu chotara za bei kubwa, ambaye kila mche unaokufa kwake ni hasara inayohesabika.

Katika bustani ndogo iliyo mahali pa joto, yenye udongo usiotuamisha maji, faida hiyo hupungua sana. Mwenye bustani ya matuta mawili au matatu aweza kukilinda kitalu chake kwa macho na mikono yake mwenyewe, jambo ambalo mwenye ekari kumi haliwezi. Tena mboga zinazoliwa zikiwa changa, kama mchicha unaong'olewa baada ya majuma matatu au manne, na miche ya kupunguzia ambayo mama wa nyumba huitia chunguni, hazifai kupandwa kwa mbegu zenye dawa. Huko muda kati ya kupanda na kula ni mfupi mno. Kwa bahati njema, mbegu za mchicha, mnavu, ngogwe na kunde ambazo wanachama huzihifadhi wenyewe kwa kawaida hazina dawa.

Kwa hiyo kanuni yaweza kusemwa hivi: katika bustani ya nyumbani, mbegu isiyo na dawa iwe ndiyo chaguo la kwanza, na mbegu yenye dawa itumike pale penye sababu inayotajika, si kwa mazoea.

Njia za Kukinga Miche Bila Dawa

Anayechagua mbegu zisizo na dawa asifikiri kwamba kazi imekwisha. Ameacha ukuta mmoja. Lazima ajenge mwingine.

Kitalu kiwe tuta lililoinuliwa ili maji yasituame, na kihamishwe kila msimu. Mbegu zisimwagwe kwa wingi, bali zipandwe katika mistari ili hewa ipite. Maji yamwagwe asubuhi, si jioni, ili udongo usilale na unyevu mwingi. Kivuli kipunguzwe kadiri miche inavyokua. Mahali pa jua kali, udongo wa kitalu uliolowanishwa waweza kufunikwa kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga kwa majuma manne hadi sita kabla ya kupanda. Joto linalozuiwa chini yake huua vimelea vingi.

Ipo pia njia ya maji ya moto, inayofaa hasa dhidi ya magonjwa yanayosafiri ndani ya mbegu yenyewe, kama uozo mweusi wa kabichi. Mbegu hufungwa katika kitambaa chepesi, huwekwa kwanza katika maji ya vuguvugu kwa dakika 10, kisha katika maji ya nyuzi 50 za Selsiasi. Mbegu za kabichi na nyanya hukaa dakika 25. Za sukuma wiki na karoti dakika 20. Baada ya hapo hupozwa mara moja katika maji baridi, hutandazwa kivulini zikauke, na kupandwa bila kukawia. Kazi hii haifanywi kwa kukisia, kwa kuwa maji yakizidi joto kidogo mbegu hufa, na yakipungua vimelea hupona. Kipimajoto ni lazima. Chama chaweza kununua kimoja na wanachama wakafanya kazi hiyo pamoja kwa siku moja. Mbegu za maharage, njegere, matango na maboga hazifai kutiwa katika maji ya moto, wala zile zilizokwisha kupakwa dawa. Mbegu za zamani huweza kufa. Kwa hiyo zijaribiwe chache kwanza.

Kwa Anayetumia Mbegu Zenye Dawa

1. Anunue kiasi anachokihitaji tu, ili yasiwepo mabaki.
2. Avae glavu, au mfuko wa nailoni mikononi, na asile wala kuvuta sigara akiwa kazini. Akimaliza, anawe kwa sabuni.
3. Watoto wasitumwe kupanda mbegu hizo.
4. Mbegu zisiroweshwe majini kabla ya kupanda. Kufanya hivyo huondoa dawa na kuyatia maji sumu.
5. Zifukiwe vizuri, na zilizomwagika ziokotwe au zifunikwe kwa udongo kabla kuku hawajafika.
6. Mabaki yakae katika pakiti yake yenye maandishi, mbali na chakula. Yasihamishiwe katika kopo la chumvi au mtungi wa jikoni. Yasiliwe wala yasilishwe mifugo, hata yakioshwa.
7. Mtu akila mbegu hizo, apelekwe hospitali upesi pamoja na pakiti, ili mganga ajue dawa ni ipi. Asitapishwe nyumbani bila ushauri wa mganga.

Wajibu wa Chama

Mwanachama mmoja aweza kujilinda katika bustani yake, lakini ghala ni la wote, na kosa la ghala ni kosa linalofika katika nyumba nyingi. Mbegu zilizotiwa dawa zisiwekwe chumba kimoja na mahindi au maharage ya chakula, wala zisipimwe kwa mizani na kopo zinazopimia chakula. Zisifunguliwe na kuuzwa kwa vipimo vidogo katika karatasi tupu, maana onyo hubaki dukani na sumu huenda nyumbani. Magunia na mifuko iliyokuwa na mbegu hizo isigawiwe kwa ajili ya kuwekea unga.

Katibu aandike katika daftari kila shehena ya mbegu iliyopokewa: aina yake, namba yake, dawa iliyotiwa, kiasi kilichouzwa na kilichobaki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na mbegu yenye dawa ikipotea bila habari, habari yake huja kusikika hospitalini. Zilizobaki mwisho wa msimu zisipelekwe mashineni hata kama njaa ni kubwa na bei ya nafaka imepanda. Hapo ndipo kishawishi huwa kikali kuliko wakati wowote, na ndipo uthabiti wa halmashauri hupimwa. Ushauri wa kuziondoa utafutwe kwa afisa ugani au kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

Wakati wa kuagiza, chama kiwaulize wauzaji kama aina ile ile hupatikana bila dawa. Aghalabu muuzaji huleta kinachoulizwa. Tena chama chenye kiwanja chaweza kufanya jaribio dogo lisilohitaji fedha. Matuta mawili yaandaliwe sawasawa, mbegu 100 zenye dawa zipandwe katika moja, na mbegu 100 za aina hiyo hiyo zisizo na dawa katika jingine. Miche ihesabiwe siku ya 7, ya 14 na ya 21 mbele ya wanachama. Tofauti ikiwa kubwa, wanachama wa mahali hapo watajua kwamba dawa yawafaa. Tofauti ikiwa ndogo, watajua kwamba wamekuwa wakilipia, na kujitia hatarini, kwa faida isiyoonekana.

Basi mwanachama anayerudi dukani na pakiti ya mbegu nyekundu asifukuzwe kwa jibu la haraka. Aelezwe kwamba nyanya zake hazitakuwa na sumu kwa sababu ya mbegu, lakini mbegu yenyewe ni sumu mpaka ifukiwe ardhini. Akilishika hilo moja, na kuwafundisha watu wa nyumbani mwake, chama kitakuwa kimemhudumia vyema.